Mzee Si Mvi: Wazee wa Kanisa Shinyanga na Geita, na Funzo kwa Bibi Harusi



Posa ikija nyumbani, swali la kwanza la mama zetu huwa ni moja: "Wazee wake ni nani?" Kazi yake na gari lake huulizwa baadaye. Leo nataka tulitazame swali hilo kwa jirani zetu Wakristo wa Shinyanga na Geita, maana baadhi yetu tunaolewa huko bara, na historia yao ina la kutufunza.

Wasukuma walikuwa na wazee kabla ya kanisa kufika. Mtemi alitawala, lakini vijijini walikuwepo banamhala, yaani wazee, waliosikiliza kesi za ng'ombe, mashamba na ndoa. Mwaka 1909 wamisionari wa Africa Inland Mission walipokea kituo cha Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, kutoka kwa Waanglikana wa CMS. Mwaka 1913 wakafungua kituo cha Kolandoto, karibu na Shinyanga, ambako Dk. Nina Maynard, daktari mwanamke, alitibu wagonjwa. Hospitali ya Kolandoto ipo hadi leo. Kutokana na kazi yao likazaliwa kanisa la Africa Inland Church, AIC.

Wamisionari walikuwa wachache na vijiji vilikuwa mbali. Mchungaji mmoja alihudumia makanisa kadhaa. Kati ya ziara moja na nyingine, aliyebaki na watu ni mzee wa kanisa: mkulima wa kawaida, asiye na mshahara, anayezuru wagonjwa, kutunza sadaka na kusuluhisha mke na mume kabla mambo hayajafika kwa mchungaji. Jambo hili ni la kale kwao. Neno la Kiyunani presbuteros, linalotumika katika Agano Jipya kwa viongozi wa makanisa, maana yake ni mzee. Na Nabii Musa, alayhi salaam, alichagua watu 70 katika kaumu yake. Habari hiyo sisi tunaisoma katika Surat Al-A'raf, nao katika Biblia wanasoma habari ya wazee 70.

Lakini uzee wa kanisa ulileta mageuzi. Nyaraka za Paulo zinamtaka kiongozi awe mume wa mke mmoja na mwenye kuiongoza vyema nyumba yake. Sheria yao si yetu, ila tazama ilivyofanya Usukumani: mzee wa kijiji mwenye ng'ombe tele na wake kadhaa hakuweza kuwa mzee wa kanisa, na mtu mdogo kwake kwa umri na mali aliweza. Mvi na mifugo havikutosha tena. Watu walianza kuuliza, "Nyumbani kwake kukoje?"

Kisha ikaja dhahabu. Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Wachimbaji wadogo hutoka kila pembe, wakaacha baba na shangazi kwao. Kijana akitaka kuoa ugenini, mara nyingi mzee wa kanisa ndiye husimama mahali pa ukoo.

Lipo pia jambo zito. Katika mikoa hiyo hiyo inayoheshimu wazee, bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Neno moja, uzee, lilimpa mwanamume kiti cha baraza na likamtia mwanamke hatarini. Hapo ndipo mzee wa kanisa, na mzee wa msikiti pia, hupimwa: jirani wakianza kunong'ona juu ya bibi wa watu, atasema au atanyamaza?

Mwaka 1976, katika operesheni iliyohusu mauaji ya kishirikina Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa waliteswa na baadhi wakafa mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi, aliyelelewa hapa visiwani kwetu. Hakumpiga mtu, lakini mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendwa yalikuwa chini ya dhamana yake. Baadaye akawa Rais wa Zanzibar, kisha wa Muungano, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Allah amrehemu. Uzee ni huo: kubeba hata lile usilolitenda kwa mkono wako.

Basi bibi harusi wangu, Surat An-Nisaa, aya ya 35, inatuelekeza kuwa ukihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi kutoka kwa jamaa wa mume na mwingine kutoka kwa jamaa wa mke. Wajue mapema. Kabla ya kutajiwa mahari, muulize walii wako: siku nikilia, nani wa upande wake atakuja, na nani wa upande wangu? Ukiolewa mbali, Shinyanga au Geita, mtafute huko mtu mzima mwenye dini ambaye watu humwendea kwa suluhu, umjue kwa jina na mlango wake.

Na ukifika huko, ukimkuta bibi mwenye macho mekundu jirani yako, mpelekee uji. Kaa naye barazani, watu waone.

Allah azitie baraka ndoa zetu na atupe wazee wenye kuogopa dhamana. Aamin.