Kofia ambayo mtoto anaikataa

Asubuhi huku kwetu Lubero, katika Kivu ya Kaskazini, ukungu hautoki haraka, na mtoto wangu wa miaka miwili hataki kofia. Juma hili peke yake ameitupa kwenye matope mara tatu. Nyanya yake ndiye aliifuma. Hakukasirika. Aliifua, akafumua mistari ya mwisho, akaifuma tena ikiwa pana kwenye paji la uso, akatia kamba mbili za kufungia chini ya kidevu. Aliniambia: "Mtoto hakatai joto, baba. Anakataa kubanwa."

Nikajiuliza wazazi wa zamani walifanyaje.

Wasomaji wapenzi, iko soksi moja ya mtoto yenye umri wa miaka kama 1,700. Wachimbaji waliipata mwaka 1913 au 1914 kwenye jalala la mji wa kale wa Antinoopolis, Misri, na leo inatunzwa British Museum, London. Ni ya mguu wa kushoto, yenye mistari ya rangi nyingi. Mwaka 2018 wataalamu walionyesha kwamba rangi hizo zote zilitoka kwenye mimea mitatu tu, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu, mmoja wa njano. Kidole gumba kimetengwa na vingine, ili mtoto aweze kuvaa sandali. Aliyeitengeneza alitumia sindano moja, akifunga uzi kitanzi kwa kitanzi. Ufundi wa sindano mbili ulikuja baadaye, na vipande vyake vya zamani sana navyo vilitoka Misri. Kwa hiyo anayesema kufuma ni mambo ya Wazungu, aanze kwanza na Afrika.

Wazungu wenyewe walijaribu nguvu. Mwaka 1571 Bunge la Uingereza liliamuru kila mtu mwenye zaidi ya miaka sita avae kofia ya sufu iliyotengenezwa nchini mwao, Jumapili na sikukuu. Wakubwa na wanawake wa heshima walisamehewa. Asiyevaa alitozwa shilingi 3 na pensi 4 kwa siku. Shabaha ilikuwa kulinda kazi ya mafundi wa kofia. Sheria ikafutwa 1597. Lakini tazama: watoto wadogo hawakuguswa. Nadhani wabunge wale walikuwa na watoto nyumbani.

Kwetu, wakati wa Wabelgiji, wanawake walifundishwa kufuma katika nyumba zilizoitwa foyer social, pamoja na kushona, kupika na kutunza watoto wachanga. Mkoloni alitaka bibi abaki nyumbani kwa mtindo wa Ulaya, mume aende kazini. Masista nao walifundisha. Mama mkwe wangu alijifunza kwa mama yake, aliyefundishwa na masista. Anasema walisisitiza kuhesabu vitanzi sawasawa na kazi iwe safi.

Yeye aliugeuza ufundi huo kuwa chakula. Vita vilipotukimbiza, alifunga sindano zake mbili ndani ya kitenge pamoja na sufuria. Huko tulikokimbilia alifuma kofia za watoto, akauza, tukanunua unga. Kila mteja alipaswa kumleta mtoto mwenyewe kwanza, ampime kichwa kwa uzi na aone kama analia.

Leo kofia imekaa kichwani mpaka saa nne. Kisha mtoto amejua kufungua kamba.