Sanamu imeondoka, kichwa bado



Wengi wetu tulivuka ziwa Tanganyika tukikimbia vita, tena tukalivuka tukirudi. Lakini kuna mutu wa hapa kwetu aliyepelekwa mbali mbele yetu sote na hajarudi mupaka leo. Ni sultani Lusinga wa Watabwa.

Mwaka 1883 Émile Storms, askari Mubelgiji aliyetumwa na chama cha Leopold II, alitoka Karema, ng'ambo ile ya Tanzania, akajenga ngome ku Mpala. Hakupatana na Lusinga. Lusinga hakuwa malaika, aliuza watu, na hatufichi jambo hilo. Mwezi wa 12, 1884, watu wa Storms walimuua wakamukata kichwa. Storms alirudi Ulaya na kile kichwa, pamoja na sanamu ya mbao ya Lusinga.

Tusiipite haraka ile sanamu ya mbao. Wazee wetu hawakusimamisha mawe mu njia. Walichonga babu zao mu mbao, wakawatunza ndani ya ukoo, na hapo ndipo ukoo ulijua ni nani ametoka kwa nani. Kwa hiyo Storms alibeba mufu na ukumbusho wake pamoja. Leo sanamu iko mu jumba la makumbusho la Tervuren, kichwa kiko mu Institut royal des Sciences naturelles, mu Bruxelles. Hata kule vimetenganishwa.

Storms mwenyewe aliwekewa sanamu mu Bruxelles, ku Square de Meeûs. Iliondolewa mwezi wa 6, 2022. Mwezi uleule Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, ndiyo yote iliyobaki ya mwili wake. Lilizungushwa Onalua, Kisangani na Katanga, kisha tarehe 30 likawekwa Limete, Kinshasa, chini ya ule mnara mukubwa wa Échangeur. Mwaka 2024 watu walivunja na kuingia mule.

Kuondoa sanamu ya muuaji ni kazi ya siku moja. Kurudisha mufu, hiyo ndiyo ngumu, na hiyo ndiyo tunayodai.

Wafadhili wamoja wanatuuliza kama tutapenda mnara wa Lusinga. Jibu letu: kichwa kwanza, na kaburi mu udongo wa kwao, pahali wazee wa ukoo watakapoonyesha. Saruji itangoja.