Nguvu ya mgandamizo bila mbano wa pembeni

Istilahi hii ni ndefu, na wengi huikata ikabaki "nguvu ya mgandamizo". Kinachokatwa ndicho chenye maana. Udongo ukiwa ardhini hushikiliwa na udongo mwenzake kila upande. Ukikandamizwa kutoka juu, hauna pa kukimbilia. Maabarani, mwenzake hayupo. Fundi husimamisha silinda ya udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na saruji, kipenyo milimita 38, kimo 76, kati ya sahani mbili za chuma, na kuikandamiza hadi ipasuke. Kani iliyoipasua, ukiigawa kwa eneo la uso wa juu, ndiyo nguvu yenyewe kwa kilopaskali. Binafsi natumia "mgandamizo" kwa kinachotoka juu na "mbano" kwa kinachozuia ubavuni; "shinikizo" nawaachia watu wa maji na gesi.

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukitua wote juu ya silinda hiyo, huleta kilopaskali 430 hivi. Mwongozo wa Marekani kwa taka zilizogandishwa kwa saruji hutaka 345 tu, ilhali zege la kawaida la nguzo huvuka 20,000. Hapa hatujengi ghorofa. Tunachanganya saruji na udongo uliochafuliwa na metali zenye sumu, ili ukae ulipowekwa.

Uchafu wenyewe ndio huvuruga hesabu. Kabwe, Zambia, ambako mgodi ulifungwa 1994, udongo una risasi na zinki kwa pamoja. Zinki ikikutana na maji ya saruji, yenye ualikali mkali, hutengeneza utando juu ya chembe za saruji, maji yakachelewa kuzifikia. Sampuli ya siku 7 inaweza kuonekana tope tupu, kisha ile ya siku 28 ikawa imeshika vizuri. Metali ikizidi sana, huenda isishike hata hapo. Ndiyo maana namba ya nguvu isiyotajiwa umri wa sampuli siisomi.

Risasi ina ujanja mwingine. Ualikali ukipanda kiasi, hutulia. Ukipanda mno, huyeyuka tena. Anayeongeza saruji kufukuza kilopaskali anaweza kupata silinda ngumu inayovujisha risasi zaidi. Kwa hiyo kipande kilichopasuliwa hupondwa, kikazungushwa ndani ya maji yenye asidi kidogo, na maji hayo yakapimwa risasi. Kipimo hicho nakiita "mchujuko", na namba yake huandikwa kando ya ile ya nguvu.