Alama, Mrithi na Kura: Historia ya Uchaguzi katika Eneobunge la R.K. Nagar, Chennai, 1977–2021

Utangulizi

Eneobunge la Dr. Radhakrishnan Nagar, linalofahamika zaidi kwa jina la R.K. Nagar, limo kaskazini mwa jiji la Chennai, makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Jina lake linatokana na Sarvepalli Radhakrishnan, rais wa pili wa nchi hiyo. Mitaa yake, ikiwemo Tondiarpet na Korukkupet, ni sehemu ya upande ule wa jiji unaotambulika kwa bandari, viwanda, wavuvi na makazi ya wafanyakazi wa kipato cha chini. Tangu mwaka 1977 wakazi wake wamekuwa wakimchagua mjumbe mmoja wa Bunge la Jimbo, lenye viti 234.

Kuhusu wapiga kura wa eneobunge hili, kauli mbili zimekuwa zikirudiwa. Ya kwanza ni kwamba wao huchagua alama ya chama, yeyote awaye aliyesimamishwa chini yake. Ya pili, iliyopata nguvu baada ya mwaka 2017, ni kwamba kura zao hununuliwa. Kauli hizi zinatofautiana kwa sura, lakini zinakubaliana katika jambo moja: zote mbili zinamnyima mpiga kura maskini wa mjini uwezo wa kupima na kuamua. Insha hii inazipima kauli hizo kwa matokeo ya chaguzi zenyewe. Hoja yake ni kwamba alama ilikuwa na nguvu R.K. Nagar pale ilipothibitisha urithi wa kiongozi usiobishaniwa. Urithi ulipobishaniwa, wapiga kura waliamua wenyewe, na mara moja waliamua dhidi ya alama hiyo.

Alama katika sheria na siasa za Tamil Nadu

Alama za uchaguzi zilianza kutumika nchini India katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa 1951–52. Sababu yake ilikuwa dhahiri: kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1951, waliojua kusoma na kuandika walikuwa takribani asilimia 18 tu ya watu. Mwaka 1968 Tume ya Uchaguzi ya India ilitoa Agizo la Alama za Uchaguzi, ambalo aya yake ya 15 inaipa Tume mamlaka ya kuamua ni kundi lipi litakalobaki na alama chama kinapogawanyika. Kwa njia hiyo, mgogoro wa ndani wa chama hugeuka kuwa shauri la umiliki wa picha.

Katika Tamil Nadu, picha mbili zimetawala karatasi ya kura kwa muda mrefu. Jua linalochomoza ni alama ya DMK, chama kilichoasisiwa na C.N. Annadurai mwaka 1949. Majani mawili ni alama ya AIADMK, chama kilichoundwa mwaka 1972 na mwigizaji maarufu wa filamu, M.G. Ramachandran, baada ya kufukuzwa DMK. Alama ya majani mawili ilianza kujulikana katika uchaguzi mdogo wa Dindigul wa mwaka 1973, ambao chama hicho kipya kilishinda.

Kipindi cha kwanza, 1977–1989: alama inapozuiwa

Uchaguzi wa kwanza wa R.K. Nagar ulifanyika mwaka 1977, nao ndio uliomweka Ramachandran madarakani. Kiti kilichukuliwa na Isari Velan wa AIADMK, ambaye naye alikuwa mwigizaji wa filamu. Mwaka 1980 eneobunge lilimchagua V. Rajasekaran wa chama cha Congress, kilichokuwa na ushirikiano na DMK, ingawa AIADMK iliendelea kutawala jimbo. Mwaka 1984 kiti kilibaki Congress kupitia S. Venugopal, lakini safari hii Congress ilikuwa mshirika wa AIADMK. Hapa tayari kauli ya kwanza inaonyesha udhaifu: mara mbili mfululizo wapiga kura walimchagua mgombea ambaye hakusimama chini ya jua wala majani mawili. Miungano ya vyama ilikuwa na uzito wake.

Ramachandran alifariki tarehe 24 Desemba 1987. Chama chake kiligawanyika kati ya mjane wake, Janaki, na J. Jayalalithaa, mwigizaji aliyekuwa katibu wa propaganda wa chama. Tume ilizuia matumizi ya majani mawili. Katika uchaguzi wa 1989 kundi la Janaki lilitumia alama ya njiwa wawili na kundi la Jayalalithaa lilitumia jogoo. DMK ilirudi madarakani baada ya miaka 13, na R.K. Nagar ikamchagua S.P. Sarguna Pandian wa chama hicho. Mwaka huo huo makundi mawili ya AIADMK yaliungana chini ya Jayalalithaa, na alama ikarejeshwa. Funzo ambalo wanasiasa walilichota katika tukio hilo lilikuwa jepesi: asiye na majani mawili hashindi. Funzo hilo liliongoza mienendo yao kwa karibu miaka 30.

Kipindi cha pili, 1991–2016: alama na kiongozi mmoja

Mwaka 1991, baada ya kuuawa kwa Rajiv Gandhi huko Sriperumbudur, AIADMK na Congress zilishinda kwa kishindo. R.K. Nagar ilimchagua E. Madhusudhanan wa AIADMK, aliyepewa uwaziri katika serikali ya kwanza ya Jayalalithaa. Mwaka 1996 upepo uligeuka na Sarguna Pandian akarejea. Mwaka 2001 na 2006 kiti kilikuwa cha P.K. Sekar Babu wa AIADMK. Ushindi wake wa pili ulipatikana wakati DMK ilikuwa inaunda serikali. Sekar Babu alihamia DMK, akagombea tena mwaka 2011 katika eneobunge lile lile, akashindwa na P. Vetrivel wa AIADMK. Mtu yule yule, mitaa ile ile, alama nyingine: matokeo haya ndiyo ushahidi mzito kuliko wote wa kauli ya kwanza, ingawa ni lazima yasomwe pamoja na wimbi la mwaka huo lililoiondoa DMK katika jimbo zima.

Umaarufu wa kitaifa wa R.K. Nagar ulianza mwaka 2015. Jayalalithaa alitiwa hatiani Septemba 2014 kwa kumiliki mali isiyolingana na kipato chake, akapoteza ubunge na uwaziri mkuu wa jimbo. Mahakama Kuu ya Karnataka ilimwachia huru tarehe 11 Mei 2015, naye akaapishwa tena siku 12 baadaye. Kwa kuwa Katiba inamtaka waziri asiye mbunge kupata kiti ndani ya miezi 6, Vetrivel alijiuzulu ili kumpisha. DMK ilisusia uchaguzi mdogo wa Juni 2015. Jayalalithaa alipata kura 160,432, na mpinzani wake mkuu, C. Mahendran wa Chama cha Kikomunisti cha India, alipata 9,710.

Mwaka mmoja baadaye, DMK iliposhiriki, kura za Jayalalithaa zilishuka hadi 97,218 dhidi ya 57,673 za Shimla Muthuchozhan. Tofauti ilikuwa 39,545. Tarakimu hizi ni muhimu kwa yanayofuata, kwani zinaonyesha kura ambazo alama na kiongozi kwa pamoja ziliweza kukusanya katika ushindani wa kweli.

Uchaguzi mdogo wa 2017: alama inaposhindwa

Jayalalithaa alifariki tarehe 5 Desemba 2016. Mwandani wake, V.K. Sasikala, alichaguliwa kuongoza wabunge wa chama Februari 2017. O. Panneerselvam, waziri mkuu wa jimbo wakati huo, aliasi. Siku chache baadaye Mahakama ya Juu ilirejesha hukumu ya kesi ya mali, na Sasikala akaingia gerezani. Edappadi Palaniswami akawa waziri mkuu wa jimbo. Mwezi Machi Tume ilizuia tena majani mawili, na uchaguzi mdogo wa R.K. Nagar ukapangwa kufanyika tarehe 12 Aprili.

Uchaguzi huo haukufanyika. Maofisa wa Idara ya Kodi ya Mapato walipekua makazi ya waziri mmoja wa jimbo, na nyaraka zilizoripotiwa kupatikana zilihusishwa na mpango wa kugawa takribani rupia milioni 890 kwa wapiga kura. Tume ilifuta uchaguzi tarehe 9 Aprili. Hatua kama hiyo ilikuwa imechukuliwa mwaka mmoja kabla katika maeneobunge ya Aravakurichi na Thanjavur, katika jimbo hilo hilo.

Kufikia Desemba mpangilio ulikuwa umebadilika. Makundi ya Palaniswami na Panneerselvam yalikuwa yameungana na kumtenga T.T.V. Dhinakaran, mpwa wa Sasikala. Tarehe 23 Novemba Tume iliwapa majani mawili. Walimsimamisha Madhusudhanan, yule yule aliyeshinda hapo mwaka 1991 kwa alama hiyo. Dhinakaran aligombea kama mgombea huru na kupangiwa alama ya sufuria ya presha.

Kura zilipigwa tarehe 21 Desemba, na matokeo yakatangazwa tarehe 24 Desemba 2017, miaka 30 kamili tangu kifo cha Ramachandran. Dhinakaran alipata kura 89,013, Madhusudhanan 48,306, na Marudhu Ganesh wa DMK 24,651. Mgombea wa DMK alipoteza dhamana yake kwa kukosa moja ya sita ya kura halali. Mgombea wa BJP, chama kilichotawala India, alipata kura chache kuliko zile za waliochagua kuwakataa wagombea wote.

Kauli ya ununuzi wa kura haiwezi kupuuzwa. Madai ya kugawa fedha, yakiwemo ya noti za rupia 20 zilizodaiwa kutumiwa kama ahadi ya malipo, yalienea sana na kukanushwa na waliotuhumiwa. Hata hivyo, madai yalielekezwa kwa pande zaidi ya moja, na upande ulioshindwa ndio uliokuwa na serikali mikononi. Fedha, hata ikikubaliwa kuwa ilitolewa, haielezi kwa nini upande mmoja ulipokelewa na mwingine ukakataliwa.

Hesabu ya kura inafungua njia nyingine. Madhusudhanan alipungukiwa kura 48,912 akilinganishwa na Jayalalithaa mwaka 2016. Hata kama zote zingemwendea Dhinakaran, bado angehitaji kura 40,101 kutoka kwingine. Kura za DMK nazo zilipungua kwa 33,022. Jumla za kura hazimfuatilii mtu mmoja mmoja, na daftari la wapiga kura husahihishwa mara kwa mara. Lakini ukubwa wa mapungufu haya unaashiria kwamba ushindi wa Dhinakaran ulitegemea zaidi ya wafuasi wa Jayalalithaa. Inaelekea sehemu ya wapinzani wa serikali ilimtumia mgombea mwenye nafasi bora ya kuishinda. Huo ni mwenendo wa wapiga kura wanaopima.

Hitimisho

Katika chaguzi kuu 11 za kati ya 1977 na 2021, R.K. Nagar iliungana na upande uliounda serikali mara 9. Mwaka 1980 na 2006 ilikwenda kinyume. Uchaguzi mdogo wa 2017 uliongeza ukinzani wa tatu. Wala ushindi wa Dhinakaran haukuzaa utii mpya: mwaka 2021 aligombea Kovilpatti, akashindwa, na R.K. Nagar ikamchagua J.J. Ebenezer wa DMK, chama ambacho miaka 4 kabla kilipoteza dhamana hapo hapo.

Kwa hiyo hakuna picha iliyowamiliki wapiga kura hawa, iwe ya majani, jua au sufuria. Tume iliweza kuamua nani atumie majani mawili, lakini haikuweza kuamua nani ni mrithi. Mwaka 1989 swali hilo halikuwa na jibu, na DMK ikafaidika. Mwaka 2017 jibu lililotolewa kisheria lilikataliwa na wapiga kura kwa tofauti ya kura 40,707. Mtafiti anayesoma historia ya eneobunge la wafanyakazi kama hili kwa kufuata alama au fedha pekee atakuwa ameyarithi madharau ya wanasiasa kwa wapiga kura, akayaita maelezo.