Mgonjwa Mnemba Anaumwa kwa Lugha Gani?

Mgonjwa mnemba ni programu ya kompyuta inayojibu maswali ya mwanafunzi wa tiba kana kwamba ni mtu aliyekaa mbele yake kliniki. Mwanafunzi humsalimia, humuuliza anasumbuliwa na nini, tatizo lilianza lini, maumivu yanaelekea wapi, naye hujibu kwa maandishi au kwa sauti kufuatana na kisa alichopewa. Waingereza humwita "virtual patient". Tangu programu za akili mnemba zilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, mkufunzi yeyote mwenye simu anaweza kumtengeneza kwa aya moja ya maelekezo, na ndiyo maana walimu wa Kiingereza cha kitabibu wamempenda haraka. Hachoki, hamcheki anayekosea njeo ya kitenzi, na yuko tayari kuugua upya usiku wa manane. Hoja yangu ni kwamba katika vyuo vya afya vya Masasi, Newala na Ndanda, mkoani Mtwara, mgonjwa huyu atafundisha Kiingereza vizuri pale tu ambapo yeye mwenyewe hakizungumzi.

Jina lenyewe linataka uangalifu. "Pepe", tulilolizoea katika barua pepe, lingetupa mgonjwa pepe, na hilo limekaa karibu mno na mgonjwa wa pepo, ambaye tunaye tayari na tiba yake ni nyingine kabisa. "Bandia" ni baya zaidi. Mhudumu wa afya akilisikia hukumbuka dawa bandia, na mgonjwa bandia kwake ni mtu anayejisingizia kuumwa ili apumzishwe kazini. Kenya wengi wamezoea akili unde, kutokana na kuunda, na mgonjwa unde lingekuwa jina la haki kwa kiumbe aliyeundwa. Lakini Tanzania akili mnemba ndiyo iliyoshika, na anayelijua neno hilo atamwelewa mgonjwa mnemba bila kufafanuliwa. Katika wingi neno hubaki vilevile: wagonjwa mnemba. Mtu wa nyama na damu anayejifanya mgonjwa ili wanafunzi wajifunze, huyo abaki mgonjwa wa kuigiza, maana historia yake ni nyingine na ndiye mkubwa.

Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Southern California, daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows alimfunza mwanamke mzima wa afya kuigiza dalili za mtu aliyepooza miguu, ili wanafunzi wapimwe mbele ya mgonjwa anayejibu vilevile kila mara. Baadaye waigizaji wa namna hiyo walipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni wagonjwa sanifu. Kompyuta haikuchelewa: mwaka 1972 Kenneth Colby wa Stanford, daktari wa magonjwa ya akili, alitengeneza PARRY, programu iliyozungumza kama mtu anayeamini kuwa anaandamwa, na madaktari wenzake waliposoma mazungumzo yake hawakuweza kuyatenga kwa uhakika na ya wagonjwa halisi. Sifa ya "sanifu" inafaa kutuzindua sisi kuliko wengine. Kamati ya lugha iliyoanza kazi Afrika Mashariki mwaka 1930 ilisanifu Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na faida yake tunaila hadi leo mashuleni na maofisini; ila hakuna anayelia kwa uchungu wa kujifungua kwa Kiswahili sanifu. Kusanifu ni kuchagua na kuacha. Mgonjwa sanifu alichaguliwa kwa ajili ya haki ya mtihani, na kilichoachwa nje ni namna watu wanavyoeleza maumivu yao huko wanakoishi. Mgonjwa mnemba amerithi usafi huo wa kusanifiwa, tena akauongeza, kwa sababu mashine iliyomzaa imesoma Kiingereza kingi kuliko lugha nyingine yoyote.

Katika ufundishaji wa Kiingereza, urithi huo umepita kwenye mitihani. Mfano ulio wazi ni OET, mtihani wa Kiingereza cha watu wa afya uliobuniwa Australia katika miaka ya 1980, ambao baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza linaukubali tangu 2017. Katika sehemu ya kuzungumza mtahiniwa hufanya maigizo mawili: yeye ni muuguzi au daktari, mwenzake ni mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, na wote wawili wanasema Kiingereza. Mpangilio huo una mantiki yake. Muuguzi wa Manila anayehamia Manchester atamkuta huko mgonjwa anayezungumza Kiingereza. Uhamishie Newala, na mantiki inakatika. Anayeingia chumba cha daktari Newala anazungumza Kiswahili, na akiwa mtu mzima wa vijijini huenda akawa na raha zaidi katika Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Kiingereza kimekaa upande mmoja tu wa meza. Kiko katika kitabu alichosomea tabibu, katika mtihani wake, katika mwongozo wa taifa wa matibabu, katika jalada analoandika na fomu ya rufaa inayomsindikiza mgonjwa kwenda hospitali ya Ndanda au ya Ligula, Mtwara. Ndanda kwenyewe, kwenye hospitali iliyokua ndani ya misheni ya Wabenediktini ya mwaka 1906, tabibu anaweza kujikuta akieleza hali ya mgonjwa kwa daktari mgeni kutoka Ujerumani, kwa lugha ambayo si ya mama kwa yeyote kati yao. Na wageni wa zamani walijua kuwa lugha ya mgonjwa ndiyo ya kujifunza. Askofu Edward Steere, aliyeleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha Kiswahili. Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika Tanganyika mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi na miongo minne baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania, ndiye aliyejifunza lugha ya wagonjwa wake. Haikuwa kinyume chake.

Kwa hiyo kazi ngumu ya mwanafunzi wa Masasi ni kuvusha. Anasikia kwa Kiswahili, anafikiri kwa istilahi za Kiingereza, anaandika kwa Kiingereza, kisha anarudi kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Makosa yanayodhuru hutokea hapo kwenye kivuko. Mzee akisema anaumwa chembe cha moyo, ameonyesha pale juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa moyo una neno lake moja la Kiingereza ataandika moyo kwenye fomu, na mtu mwenye vidonda vya tumbo atafika rufaa kama mgonjwa wa moyo. Mama akisema mtoto ana homa, huenda hajamgusa paji la uso. Kwa wengi homa ni kujisikia vibaya kwa jumla, ilhali neno la Kiingereza linalowekwa badala yake linadai kipimajoto. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wazazi waliliona degedege kuwa ugonjwa wake, mbali na malaria, na ugonjwa wa kupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi. Anayelitafsiri kuwa kifafa, au kuwa malaria kali, kabla ya kuuliza, amefuta habari aliyoihitaji kuliko zote, yaani mtoto amepitia wapi na amepewa nini. Saa nazo zina mtego wake. Dawa iliyonywewa saa mbili usiku ikiandikwa kama saa mbili ya Kiingereza, zimeongezeka saa sita ambazo hazikuwapo. Hata salamu hupotosha. Mgonjwa wetu hujibu "nzuri" kwanza, kwa adabu, ndipo aseme kilichomleta, na mashine ya tafsiri iliyoachiwa hapo itaripoti kuwa mgonjwa anajisikia vizuri.

Mfano mzito kuliko yote uko wodi ya wazazi. Mwanamke anayesema mimba imetoka, au imeharibika, hasemi alichosema yule aliyeitoa. Kiswahili kimetenganisha kabisa, kwa kitenzi. Kiingereza cha vitabu vya uzazi kimezoea kuyaweka yote chini ya "abortion", na ni kivumishi tu kinachoeleza kama ilitoka yenyewe. Mwanafunzi akikidondosha kivumishi, kwa haraka au kwa uchache wa msamiati, ameandika juu ya mama yule jambo ambalo sheria yetu ya adhabu inalihesabu kuwa kosa, isipokuwa pale linapookoa maisha yake. Mgonjwa mnemba anayezungumza Kiingereza hawezi kumfikisha mwanafunzi kwenye hatari hiyo, kwa kuwa atalitamka neno na kivumishi chake pamoja, na mwanafunzi atanakili tu.

Atasema mtu: mgonjwa mnemba akizungumza Kiswahili, basi hilo si somo la Kiingereza tena, ni somo la Kiswahili. Nadhani ni la Kiingereza kuliko lile la mgonjwa anayezungumza Kiingereza, kwa sababu Kiingereza anachotakiwa kuzalisha mwanafunzi hakijapungua. Mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili. Zao la somo ni jalada, barua ya rufaa, na maelezo ya mdomo kwa daktari bingwa ambaye mashine inaweza kumwigiza pia, huyu kwa Kiingereza na kwa maswali makali. Tofauti ni kwamba maneno ya Kiingereza hayakuwekwa mdomoni mwa mgonjwa yakisubiri kuokotwa. Mwingine atauliza kwa nini tusifundishe tiba yote kwa Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba istilahi hazipo, na mimi sina ugomvi na hoja hiyo. Lakini aliyeingia chuoni mwaka huu atatahiniwa kwa Kiingereza. Na anayetaka kwenda kufanya kazi Uingereza? Huyo atumie mgonjwa wa OET. Sioni sababu ya darasa zima kufundishwa kwa kipimo cha wachache watakaohama, wakati watakaobaki watakuwa zamu zahanati kesho kutwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa mashine yenyewe. Kiswahili chake ni cha magazeti na tovuti, na ukiiomba iwe bibi wa Kitangari, huko Newala, itakuletea bibi anayezungumza kama mtangazaji wa habari, mwenye dalili tatu zilizopangwa kama kitabu. Kimakonde chake hakiaminiki. Haya ni kweli, na ndiyo sababu kisa hakifai kuachiwa mashine ikitunge. Kitungwe na wakufunzi na wauguzi waliowahi kukaa zamu za vijijini: wao ndio wanaojua mgonjwa ataficha nini mpaka aulizwe mara ya pili, atataja "kule chini" badala ya sehemu gani, atamwita kijana wa miaka ishirini "dokta" na bado atategemea shikamoo kutoka kwake. Kwa Kimakonde napendekeza unyenyekevu: mashine isijifanye bibi, iwe mjukuu aliyemsindikiza na anayemkalimania, naye afupishe maneno ya bibi kama wajukuu wanavyofupisha. Mwanafunzi ajifunze kumrudisha: bibi amesema maneno mengi, wewe umeniambia mawili, mengine yako wapi? Swali hilo ataliuliza kwa Kiswahili, kisha aeleze kwa Kiingereza kwenye jalada kwamba historia imetolewa na mjukuu wala si mgonjwa. Wanafunzi wengi hawajui hata kwamba hilo huandikwa.

Visa hivyo visichotwe kwenye majalada ya watu halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazibana taarifa za afya, na maandishi yanayoingizwa kwenye programu za namna hii huenda kwenye kompyuta za makampuni nje ya nchi. Newala ni mji mdogo, na kisa cha mama fulani wa mtaa fulani hutambulika hata jina lake likifutwa. Kuhusu intaneti na umeme sitasema mengi: mazungumzo ya maandishi hula bando dogo, na simu moja inaweza kuhudumia wanafunzi wanne, mmoja akiuliza na watatu wakiandika kila mmoja jalada lake. Hayo majalada matatu ya mgonjwa mmoja, yakiwekwa mezani pamoja, yatamwonyesha mkufunzi ni neno lipi la Kiswahili lililovushwa kwa njia tatu tofauti, na somo la wiki inayofuata lianzie kwenye neno hilo.