Simba Wanyika Haikufa Mwaka 1978

Kuanzia Longonot na mashamba ya maua ya Naivasha hadi mjini Nakuru, watu wametoka kila pembe ya Kenya, na zilizopendwa za Kiswahili ni muziki wao wote, hazina kabila. Lakini hata wanaozipenda hurudia kauli moja isiyo ya haki: kwamba bendi ya Simba Wanyika ilikufa mwaka 1978. Waanzilishi wake, Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu kutoka Tanga, walikuwa wamevuka mpaka na kuanza kupiga Kenya mwaka 1971. Miaka saba baadaye Omar Shabani, fundi wa gitaa la rithimu, aliondoka pamoja na Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu na mwimbaji Issa Juma. Wakamchukua John Ngereza, wakaunda Les Wanyika, na "Sina Makosa", utunzi wa Shabani, ukapendwa Afrika Mashariki nzima.

Wanaoizika Simba hushikilia hapo: rithimu, besi na dramu zikishaondoka, kinabaki jina tu. Hoja hiyo si nyepesi, maana katika rumba hii gitaa la rithimu ndilo linalomfanya msikilizaji asikae kitini. Hata hivyo, walioondoka waliupeleka mbele mtindo waliokuwa wameupiga chini ya akina Kinyonga: magitaa yanayoitikiana pasipo haraka, sauti laini, Kiswahili kinachoeleweka Tanga na Nakuru vilevile. Ushindi wa Les Wanyika ulionyesha jinsi mtindo huo ulivyokuwa imara. Haukuonyesha kwamba chanzo chake kimekauka.

Ushahidi mkubwa zaidi ni Pepea, albamu iliyorekodiwa Uholanzi wakati wa ziara ya Ulaya na kutolewa mwaka 1992. Kuna wanaoidharau kwa kuwa ndani yake zimo nyimbo za zamani zilizopigwa upya, tena kwa soko la wageni. Ni kweli zimo. Lakini bendi iliyokufa haiwezi kuzichukua nyimbo zake, kuzitia mikononi mwa wapigaji wengine, na bado ikatambulika magitaa yanapoanza tu. Mimi naiweka Pepea miongoni mwa kazi zao bora, kwa utulivu wake na usafi wa sauti. George alifariki Desemba ya mwaka huohuo, Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikakoma. Tarehe ya kifo cha Simba Wanyika ni hiyo.