Nani Apewe Samaki wa Mombasa?

Bahari ya Mombasa haikugawanywa kwa kilo. Iligawanywa kwa mipaka, vyombo na vibali, na manung'uniko ya mgao huo yamesikika miaka mingi kwenye bandari ndogo za samaki kama Mlango wa Papa, Mji wa Kale.

Mzozo mkubwa ulianza mwaka 1986, serikali ilipotangaza Hifadhi ya Bahari ya Mombasa kaskazini mwa kisiwa. Kilomita 10 za mraba zilifungwa kabisa, na nyingine 200 hivi zikaachiwa uvuvi wa asili. Kwenye ramani, kumi si kitu. Lakini zilikuwa upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, na hapo ndipo penye kisa chote. Kusi likivuma, mtumbwi na ngalawa haviwezi kutoka nje. Mvuvi wa malema na mshipi hula kwa maji ya ndani. Boti za kukodi zinazowapeleka wageni kuvua sulisuli huenda kwenye kina na kungoja kaskazi, kwa hiyo mpaka haukuzigusa. Mashua za vioo nazo zikaruhusiwa kuwaonyesha watalii matumbawe palepale alipofukuzwa mvuvi. Huo haukuwa mgao wa haki.

Amri ilipoanza kutekelezwa kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wavuvi walikataa, na baadaye eneo lililofungwa likapunguzwa hadi kilomita 6 za mraba hivi. Ni kweli hifadhi ilizaa matunda: samaki waliongezeka, na malema yaliyotegwa karibu na mpaka yalinasa vizuri. Juya, linalokokota kila kitu hadi vifaranga, nalo lilistahili kuondolewa. Kosa lilikuwa kuchora mpaka kwanza na kuuliza baadaye. Kanuni za mwaka 2007 za vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, ndizo zilizompa mvuvi kiti rasmi.

Sasa mgao wa kilo unakuja kweli. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi imekuwa ikijadili mgao wa jodari kwa zaidi ya miaka kumi. Wenye meli kubwa, Umoja wa Ulaya mbele, wanataka historia ya mavuno ihesabiwe. Nchi za pwani zinasema aliyevua sana jana asipewe haki ya kesho. Mvutano huohuo ulijitokeza Februari 2023, wajumbe wa kamisheni walipokutana hapa Mombasa na kupitisha siku 72 za kusitisha matumizi ya maboya ya kuvutia samaki. Aprili Umoja wa Ulaya ukawasilisha pingamizi.

Kenya ikipata fungu lake, italigawa tena ndani: meli za viwanda, boti za kitalii, mitumbwi. Wizara inayosimamia uvuvi iwaite BMU za Mombasa mezani kabla tarakimu hazijaandikwa, na nahodha wa boti ya wageni apime na kuandikisha samaki wake kama mvuvi wa Mlango wa Papa.